Amri za Mlimani

Neno "simama" lina kazi mbili, na kwa kawaida kazi hizo hazigombani. Abiria wa daladala akisema "simama hapo", dereva hukanyaga breki. Mwalimu akiingia darasani na kusema "simameni", watoto hunyanyuka kwenye madawati. Hakuna anayekosea, maana mahali penyewe panafasiri neno. Sasa mchukue mtu anayejifunza kuendesha kwadi, ile pikipiki ya matairi manne, akiwa anakaribia kilima kifupi chenye tuta kileleni. Ufundi unamtaka ainue makalio kitini, aweke uzito wake kwenye vikanyagio, akunje magoti kidogo, na mwendo usibadilike. Mwalimu anampigia kelele: "Simama!" Mwanafunzi mtiifu atafunga breki, tena palepale ambapo magurudumu ya mbele yameshaanza kupanda.

Istilahi za mwendo zina mtihani wao wa peke yake. Istilahi ya elimu ya mimea yaweza kuwa ndefu na nzito, kwa kuwa msomaji wake ana mchana kutwa wa kuitafuna. Neno la mlimani lina sekunde moja. Haitoshi liwe sahihi kamusini. Lazima liwe na maana moja tu sikioni mwa mtu aliyeshika usukani. Katika mtihani huo Kiswahili hakipungukiwi na maneno. Kinachokosekana ni kuyagawia kazi: hili lifanye hili, lile lifanye lile, na yasiingiliane. Kwa hiyo "simama" ibaki kuwa amri ya kusimamisha chombo, na kunyanyuka kitini kuitwe "kuinuka". "Inuka, dada, inuka!" Hapo hakuna atakayefunga breki.

Jina la chombo chenyewe bado halijatulia. Wapo wasemao pikipiki ya matairi manne, wapo wa kwadi baiki, na waliochoshwa na urefu wamebaki na kwadi. Nafuata hao wa mwisho, kwa sababu neno lao limeshaingia kwenye ngeli bila kusukumwa: kwadi hii, kwadi hizi, kama baiskeli hii, baiskeli hizi. Watu wetu hawana uvivu wa kuvipa vyombo majina. Bajaji imebeba jina la kiwanda cha Kihindi kinachoiunda, pikipiki imebeba mlio wake, na bodaboda imebeba mpaka wa Kenya na Uganda, ambako baiskeli za abiria zilikuwa zikivusha watu na mizigo. Kwadi ilikuja baadaye, ikafikia zaidi kwenye fukwe na vituo vya watalii, ambako maelekezo hutolewa kwa lugha za wageni. Ndiyo maana jina lake limefika kabla ya amri zake.

Si chombo kizee. Mwaka 1970 Honda walileta sokoni mashine ya magurudumu matatu yenye matairi manene ya upepo mdogo, yanayoelea juu ya mchanga na theluji pasipo kuzama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Suzuki wakaongeza gurudumu la nne. Ile ya matatu ilizidi kujenga sifa mbaya ya kuwaangusha watu, hadi mwaka 1988 watengenezaji wakakubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuuza mpya. Gurudumu la nne nalo halikumaliza hatari. Huko Australia, ambako wafugaji huchungia ng'ombe na kondoo kwa kwadi, sheria inataka tangu Oktoba 2021 kila kwadi mpya ya kazi iwe na kifaa cha kumkinga mwendeshaji mashine inapompindukia.

Na hilo neno "pinduka" linahitaji wasaidizi. Katika taarifa zetu za habari kila chombo hupinduka: basi limepinduka, mashua imepinduka, lori limepinduka. Kwa msikilizaji wa redio inatosha. Kwa anayepanda mlima na kwadi haitoshi, kwa kuwa kuna ajali tatu tofauti, na kila moja ina njia yake ya kujiokoa. Mashine ikiinuka upande wa mbele ikamrudia mtu kifuani, imebinuka, kama mcheza sarakasi anavyobinuka. Ikilala ubavu kwenye mteremko wa pembeni, imepinduka. Ikiendelea kugeuka tena na tena hadi bondeni, inabiringika. Anayejua kwamba mpando mkali huleta kubinuka atatafuta kuweka uzito mbele. Anayejua kwamba ubavu wa mlima huleta kupinduka atatafuta kuweka uzito upande wa juu. Na kinachoweza kubiringika hupishwa: unaachia usukani, unaruka upande wa juu, unaiacha iende zake. Ajali zote tatu zikiitwa jina moja, mwanafunzi atajua tu kwamba kuna hatari.

Uzito ndio moyo wa ufundi wote huu. Gari halijali sana dereva wake ameketi vipi; kwadi inajali. Mashine nyingi za aina hii zina kilo 200 na zaidi, na juu yake yuko mtu mwenye kilo 70, yaani robo ya mzigo mzima inaweza kuhamishwa mbele, nyuma, kushoto au kulia kwa kusogeza kiuno tu. Vitabu vya maelekezo husema uhamishe uzito. Maneno hayo ni sahihi, lakini ni ya ofisini, kama vile mtu anahamishwa kituo cha kazi. Mwalimu asiye na subira atasema "inama mbele". Hapo kuna kosa la kweli. Anayeinama hushusha kichwa, na kichwa kikishuka macho huangalia tairi badala ya kileleni. Mgongo wake umekunjwa, kifua kimeufikia usukani, lakini makalio yamebaki palepale kitini, na uzito haujaenda popote.

Neno linalofaa liko vinywani mwa utingo wa lori na mabaharia wa jahazi. Mzigo ukipakiwa vibaya, utingo hutazama mara moja na kusema: "Umeelemea kushoto." Hasemi umeinama wala umelala. Kuelemea ni uzito kuangukia upande mmoja, na ndicho hasa kinachotakiwa, safari hii kwa makusudi. "Elemea mbele" inaugusa uzito wenyewe na kukiacha kichwa huru. Mtu anaweza kuelemea mbele huku macho yake yakiwa juu, mgongo umenyooka, mikono imelegea. Pamoja nalo kuna "sogea", neno la kila siku la bodaboda anapomtaka abiria wake ajae karibu: "Sogea mbele kidogo, mama." Kusogea ni kubadili mahali ulipoketi, na kuelemea ni kubadili unakoutupa uzito. Kwenye mwinuko wa wastani kusogea kunatosha. Ukiwa mkali utasogea, utainuka, halafu utaelemea. Amri tatu, vitendo vitatu, na hakuna kinachomezwa na kingine.

Kabla ya mpando wenyewe kuna suala la gia, na hapo madereva wetu wametutangulia. Wanasema "kupangua gia" wanapotoka gia kubwa kuja ndogo, na kila aliyepanda Kitonga ndani ya basi la Iringa anaujua mlio wake. Kwenye kwadi yenye gia za kubadilisha, kupangua hufanywa chini ya mlima, kabla injini haijaanza kulia. Ukisubiri hadi katikati utalazimika kuachia mafuta wakati ule ule ambao magurudumu yanayahitaji. Ukipangua mapema, kazi inayobaki ni kulinda mwendo mmoja usiopanda wala kushuka. Mafuta yakiongezwa kwa ghafla, magurudumu ya nyuma husukuma kwa nguvu, upande wa mbele hupoteza uzito, usukani unakuwa mwepesi mkononi kama hauna kazi, na hapo safari ya kubinuka imeanza.

Na mafuta yenyewe yanaongezwaje? Mwendesha pikipiki huyavuta: hukunja kiganja kuelekea kwake. "Vuta mafuta" ni lugha yake halali. Kwadi nyingi hazina kishikio cha kusokota. Zina wenzo mdogo kando ya mkono wa kulia unaosukumwa kwa kidole gumba. Sababu yake iko mlimani: mwili ukitupwa nyuma kwenye mpando, mtu aliyeshika kishikio cha kusokota atajikuta anakivuta bila kukusudia, na mashine itaongeza mwendo pasipo kuombwa. Gumba halina tabia hiyo. Mwili ukienda nyuma, gumba huachia. Kwa hiyo anayetoka kwenye bodaboda na kuambiwa "vuta" atauvuta wenzo ulio karibu na vidole vyake, nao ni wa breki. Kwenye kwadi, "vuta" apewe breki peke yake, na mafuta yawe na "bonyeza" na "punguza". Bonyeza ni ya gumba; hakuna kiungo kingine kitakachodhani kimeitwa.

Siku moja mlima utashinda. Injini itazima katikati, na mwanafunzi atabaki ananing'inia kati ya mbingu na bonde. Mwalimu aliye chini atamwambia: "Shuka!" Tazama neno hilo linavyoweza kuua. Kwa abiria wa bodaboda, kushuka ni kuondoka juu ya chombo. Kwa dereva wa lori, kushuka ni kuuteremka mlima. Mwanafunzi akielewa la pili ataachia breki, mashine ianze kurudi kinyumenyume, na akishtuka na kufunga breki za nyuma peke yake, upande wa mbele utainuka na kumrudia. Utaratibu salama ni mwingine: elemea mbele, vuta breki ya mbele, funga breki ya kuegeshea, kisha ondoka kwenye chombo kwa upande wa juu wa mlima au kwa pembeni, kamwe si kwa upande wa chini. Hapo nashauri mgawanyo usiokuwa na huruma: "shuka" iwe ya mtu kuachana na chombo, na "teremka" iwe ya chombo na mtu kwenda bondeni pamoja. Najua "teremka" nayo huzungumzwa kwa kutoka garini, hasa na wazee wa Pwani. Mlimani inafaa watusamehe kwa kuibana lugha kidogo.

Kiswahili kina ustadi mzuri katika kuutazama mlima. Ardhi ni ile ile, lakini ukiikabili kwa chini unaiita mpando, na ukiitazama kwa juu unaiita mteremko. Jina hufuata uso wa msafiri. Kwa mwendeshaji huo ni ufundi mtupu, kwani kila neno linakuja na mwili wake. Mpando: sogea mbele, elemea mbele, bonyeza kwa kipimo. Mteremko: sogea nyuma, nyoosha mikono bila kuikaza, ingia na gia ndogo, na uiachie injini kazi ya kuzuia. Madereva husema "kushuka na gia", yaani chombo kijizuie chenyewe, breki zibaki za kusaidia. Kinyume chake ni kuweka gia huru na kujiachia. Barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, pale Salgaa, ilipata jina baya kwa miaka mingi kutokana na ajali za malori, na lawama mojawapo iliyorudiwa mara kwa mara ni hiyo ya madereva kuteremka kwa gia huru ili kuokoa mafuta. Kwadi ni ndogo mara nyingi kuliko lori, ila mteremko hauangalii ukubwa. Mashine isiyoshikwa na injini inashikwa na breki peke yake, na breki zikibana kwenye kokoto, magurudumu hufunga na kuteleza, usukani usitii tena.

Kuukata mlima kwa ubavu ndiko kunakowapa walimu shida kubwa ya maneno. "Kushoto" na "kulia" hazisaidii, kwa sababu zinabadilika kila ukigeuka. "Juu" na "chini" zinachanganya, kwa kuwa juu inaweza kuwa kichwani. Hapa ndipo ninapowaendea manahodha. Baharini, upande unaotoka upepo ni joshi, na upande unaokwenda upepo ni demani. Ngalawa ikilaliwa na upepo, baharia hutoka na kwenda kukaa juu ya tengo la upande wa joshi ili uzito wake ukirudishe chombo sawa. Hashughuliki na kushoto wala kulia. Joshi ni joshi hata chombo kikigeuka. Anayepita na kwadi kwenye ubavu wa mlima anafanya kazi hiyo hiyo, joshi ikiwa upande wa mlima na demani upande wa bonde: anahamishia makalio upande wa juu, anakanyaga kikanyagio cha juu kwa nguvu, na usukani anauelekeza kidogo sana mlimani ili mashine isiteremke kidogo kidogo.

Kwenye mchanga maneno hayo mawili hayahitaji hata kuazimwa, kwa kuwa tuta la mchanga limejengwa na upepo wenyewe. Upande wa joshi una mwinuko wa taratibu na mchanga ulioshindiliwa. Upande wa demani una mchanga uliomwagika kutoka kileleni, laini, wenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 34, kiwango ambacho mchanga mkavu hauwezi kukizidi bila kuporomoka. Mpanda tuta anayetokea joshini haoni kilichoko demani hadi afike kwenye ukingo, na wengi wameumia kwa kuuvuka ukingo huo kwa kasi. Washindani wa mbio za Dakar, ambako kwadi zilikuwa na daraja lake tangu 2009 hadi 2024, walilijua hilo kwenye jangwa la Peru na baadaye la Saudi Arabia. Msemaji wa Kiswahili aliyeko Oman, anayekwenda kucheza kwenye matuta ya Bidiya, tayari anayo istilahi aliyoachiwa na babu zake wa majahazi: ingia kwa joshi, punguza kabla ya ukingo, tazama demani, ndipo uteremke moja kwa moja pasipo kukata ubavu. Shela ya Lamu nayo ina matuta ya namna hiyo, lakini hayo ni ghala la maji matamu ya mji, na hayafai kuchezewa na magurudumu.

Sasa tufike kwenye miruko, ambako vitabu vya watengenezaji vinanyamaza. Karibu vyote vinakataza kuruka, na onyo hilo hubandikwa hata kwenye mashine. Maneno ya miruko kwa hiyo yametoka kwa washindani, kwa mdomo. Michezo ya shule zetu inatupa "kuruka juu" na "kuruka chini", yote mawili yakimhusu mtu anayejisukuma kwa miguu yake. Kwadi haina miguu ya kujisukumia. Inakwenda, ardhi inaisha chini yake, basi. Swali ni nani ametenda. Viambishi vya vitenzi vyetu vina jibu: yupo aliyeruka na yupo aliyerushwa.

Aliyeruka ameliona tuta mapema na amelijia kwa kulikabili, bila kukaa upande. Ameinuka, magoti na viwiko vimelegea, mafuta hayakubadilika hadi magurudumu ya nyuma yalipoacha ardhi. Aliyerushwa alikuwa ameketi. Kiti kilimpiga chini ya makalio kikamsukuma mbele ya usukani, au hofu ilimfanya aachie mafuta kwenye ukingo, na pua ya mashine ikainama kabla haijaruka. Kwa mtazamaji wa pembeni wote wawili wamekuwa hewani kwa muda ule ule. Tofauti yao ni silabi moja, na mtu akiwasimulia wenzake ukweli atachagua silabi hiyo kwa uaminifu.

Hewani bado kuna kidogo cha kufanya. Ukibonyeza mafuta, magurudumu ya nyuma huzunguka kwa kasi zaidi kwenda mbele, na mwili wa mashine hujibu kwa kuzunguka kinyume: pua huinuka. Ukigusa breki ya nyuma, mzunguko huo husimama na pua hushuka. Wakimbiaji wa mbio hutumia hilo ili magurudumu ya nyuma yaguse kwanza kidogo, au yote manne kwa pamoja, kufuatana na mwinamo wa ardhi. Wanaoanza hawashauriwi kuchezea hapo. Tuta la kimo cha goti na mwendo wa polepole ni shule ya kutosha.

Halafu kuna kutua. Ndege hutua mtini, jua hutua jioni, mchukuzi hutua mzigo. Kitenzi hiki, kama "fungua" inavyozaa "fungulia", kimezaa "tulia". Mfuatano huo ndio mafunzo ya mruko kwa ufupi. Anayetua na kufikiri kazi imekwisha huketi papo hapo, shokapu zinamrudisha juu, na kishindo cha pili kinamtoa kitini. Anayejua kwamba kutua kunafuatwa na kutulia hubaki ameinuka, huacha magoti yameze kishindo, husubiri mashine ikae sawa, ndipo hubonyeza tena.

Kuyagawia kazi maneno haya yote kunahitaji kamati ya istilahi. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikatoka 1981. Tangu hapo kazi ya istilahi imefanywa zaidi mezani: orodha ya maneno ya kigeni kushoto, ya Kiswahili kulia, na mjadala katikati. Kwa sheria, tiba na benki utaratibu huo umetufaa. Kwa maneno ya mwendo ningependa kamati ikutane chini ya mpando, injini zikiwa zinanguruma na washiriki wakiwa wamevaa kofia ngumu. Katika kelele hiyo "inuka" na "inama" zinakaribiana sana, nayo ni sababu ya pili ya kuitoa "inama" kwenye orodha. Wakaribishwe bodaboda, utingo na manahodha, waulizwe wanasema nini pale chombo kinapokataa. Neno lolote ambalo mwendeshaji atalazimika kuuliza "unamaanisha lipi?" lirudishwe kamusini likaendelee na kazi zake nyingine.